Spana ya Mwenye Nyumba

Mshonaji mmoja alikaa mbele yangu kwenye basi, amepakata koki ya jikoni iliyofungwa taulo kama mtoto mchanga. Baba mwenye suti aliyekaa naye akamuuliza anaipeleka wapi. Mimi nikafumba macho ili nisikie vizuri.

"Kwa fundi, baba. Inavuja, na lazima niirudishe mahali pake kabla mwenye nyumba hajapita saa nne."

"Dada, wewe si mpangaji tu? Hiyo kazi ni yake. Mwambie!"

"Nimwambie? Yule anatengeneza mwenyewe! Mara ya mwisho alikuja na spana yake, na mpaka leo nikifungua maji jikoni, yanatoka bafuni."

Nikakohoa ili nisicheke.

"Angalau ana moyo," baba akasema, sauti imempanda. "Mimi nina wapangaji sita, na mabomba yao yote nayatengeneza kwa mikono yangu. Fundi wa nini?"

"Na wanakuita?"

"Zamani, kila wiki. Sasa huu mwaka wa tatu, hakuna hata mmoja aliyelalamika!" Akajikung'uta koti kwa fahari.

Mshonaji akageuka kunitazama. Nami, bibi wa watu niliyelala fofofo, nikamkonyeza.

Basi likasimama. Mshonaji akashuka mbio na koki yake, akicheka peke yake.

Baba akainuka ghafla, akatoa kichwa dirishani. "Dada! Hebu subiri! Kwani uliponiuliza kama wananiita, ulimaanisha nini?"

Dereva alishaondoa gari.