Nimalizie, Mwanangu: Kumbukumbu ya Fundi Soli

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Ni saa tatu na dakika tano, Jumamosi, muda wetu wa soka. Leo sipokei simu. Naomba radhi kwa wale mlioanza kubonyeza namba yetu tangu saa mbili. Leo nina mtu mmoja tu wa kumzungumzia, na mtu huyo hatunaye tena.

Fundi Soli ametutoka. Narudia kwa mliofungua redio sasa hivi. Fundi Soli, mpigaji wetu wa kila Jumamosi, fundi viatu, shabiki wa timu yetu tangu akiwa na miaka kumi na tisa, amefariki Jumanne mchana akiwa kazini kwake. Alikuwa na miaka sabini na moja. Tumemzika juzi, Alhamisi.

Wengi wenu mlimjua kwa sauti tu. Ile sauti ya kubana, kama mtu mwenye msumari mdomoni. Kumbe kweli alikuwa nao. Mkewe ameniambia: "Alikuwa anaongea na nyie huku misumari midogo kaibana kwenye midomo. Nilimkataza miaka yote. Nikamwambia, baba, siku mkifunga goli ukaruka, ukaimeza, nani atakutoa? Akaniambia, mke wangu, kwa kikosi hiki usiwe na wasiwasi. Goli halipo."

Nilifika kibandani kwake kwa mara ya kwanza wiki hii. Miaka kumi na nne nimezungumza na mtu, na sikuwahi kwenda kumsalimia. Kibanda kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, kimepakana na saluni. Lazima uiname kuingia. Kuna stuli mbili. Moja yake, ya pili ya mteja anayesubiri kiatu huku soksi yake yenye tundu ikiwa hadharani. Kuna redio iliyofungwa kwa waya kwenye msumari. Na kuna kalenda ya klabu ya mwaka tulipochukua kombe. Iko kwenye mwezi wa sita, mwezi wa kombe, na haikufunuliwa tena. Ukimuuliza leo tarehe ngapi, anakuonyesha ukuta.

Sasa nisiwadanganye kwamba alikuwa mpole. Hakuwa. Alikuwa na hasira na timu yetu kama baba mwenye mtoto anayerudi na ripoti mbaya kila muhula, na bado anamlipia ada. Mnakumbuka alivyoisema kamati ya usajili? Ule mwaka tulisajili washambuliaji wanne, na upande wa kushoto wa ulinzi tukabaki na mtu mmoja, hana hata wa kumpokea. Fundi Soli akapiga simu: "Mwanangu, mtu hana viatu, anakwenda sokoni, anarudi na kofia nne. Utamwambia nini mtu huyo?" Nikamwambia, sijui, Fundi. Akasema: "Utamwambia, hongera mwenyekiti."

Makocha tulibadilisha saba katika miaka mitano. Yeye aliwahesabu kwa vidole, na wa sita alipofukuzwa akasema sasa anahamia mkono wa pili. Mwenyekiti wa klabu, Fundi alimwita "Bwana Harusi", kwa sababu humwoni ila siku ya kupiga picha. Na kila mara, nikitaka kumkatiza ili niende kwenye matangazo, alisema maneno yale yale. Myaseme pamoja nami, najua mnayajua. "Nimalizie, mwanangu."

Wasikilizaji wapendwa, nimefika mahali pagumu. Naomba mnivumilie.

Kwa zaidi ya miaka ishirini Fundi Soli ndiye aliyetengeneza njumu za wachezaji wetu. Kila Jumatatu mtunza vifaa wa klabu alimletea gunia. Na Fundi alikuwa na tabia yake. Kabla hajashika gundi wala uzi, anageuza kila kiatu, anaitazama soli. Kwa soli alijua nani amekimbia na nani ametembea. Alijua nani anaogopa kugeuka kulia. Binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi, ameniambia: "Baba alikuwa anatusimulia mechi nzima Jumatatu bila kuitazama Jumapili. Na anapatia."

Basi akaja yule beki wetu wa kushoto. Huyo mmoja asiye na wa kumpokea. Msimu ukaanza, magunia yakaja, njumu za wenzake wote zikaja, na zake hazikuja. Mwezi wa kwanza hazikuja. Mwezi wa pili hazikuja. Mwezi wa tatu, tumefungwa matatu, na yote yamepita upande wake. Fundi Soli akapiga simu hapa. Nanukuu: "Miezi mitatu sijazitia machoni njumu za yule kijana. Kiatu kisichokuja kwa fundi ni kiatu kisichofanya kazi. Hakimbii yule! Yule si beki, yule ni Mlango Wazi."

Mlango Wazi. Mimi nilicheka hadi machozi yakanitoka. Nikalirudia hewani mara tano. Jumamosi iliyofuata nikalitengenezea na kionjo, ule mlio wa mlango unaokwaruza, mnaukumbuka. Baada ya wiki mbili jukwaa zima lilikuwa likiimba. Watu wakasema lisemwalo lipo. Watoto wake wakataniwa shuleni, mmoja ana miaka minane, mwingine sita. Wakaitwa Vitasa.

Jina lilitoka kwa Fundi Soli. Lakini aliyelisambaza ni mimi. Naomba hilo mlishike.

Jumatatu moja, mwezi wa saba wa msimu ule ule, njumu zile zikaja. Soli ya kulia ilikuwa imeng'oka kabisa, kijana hakuwa na namna. Fundi akazigeuza kama kawaida yake. Mkewe anasimulia: "Alirudi nyumbani mapema, kashika kiatu kimoja. Akakiweka mezani, juu ya kitambaa changu cha meza. Nilitaka kugomba. Nikamtazama usoni, nikamvutia kiti."

Kiatu kile kilikuwa kimeshonwa kwa mkono mara tatu kabla ya kufika kwake. Uzi wa nyumbani, sindano ya nguo. Kilikuwa kimefanya kazi kuliko njumu zote kwenye gunia. Na kilikuwa kimeliwa upande mmoja tu, nje, kuanzia kisiginoni. Fundi akajua palepale. Kijana anaburuta mguu. Goti lake la kulia ni bovu, anakimbia kwa kuutegemea mguu wa kushoto, na anazificha njumu ili asijulikane, maana Fundi angeona. Fundi alipomuuliza mtunza vifaa, akajibiwa: "Fundi, mimi nabeba gunia tu. Viongozi wanajua. Wamemwambia acheze hivyo hivyo na afiche, hakuna mwingine."

Mdomo uliponza kichwa, wanasema wahenga. Safari hii mdomo wa mmoja uliponza kichwa cha mwingine.

Ijumaa Fundi Soli akaenda nyumbani kwa kijana. Alikuwa amezitengeneza njumu zile kwa mikono yake, soli mpya zote mbili. Akabisha. Mlango haukufunguliwa. Akaomba msamaha akiwa amesimama kwenye ngazi, na sauti ikamjibu kutoka ndani: "Ulilisemea redioni, mzee. Nenda ukalikanushie redioni." Akaziacha njumu mlangoni, akarudi.

Kesho yake, Jumamosi, saa tatu na robo, akanipigia.

Wasikilizaji wapendwa, wiki ile msemaji wa klabu alikuwa amempigia mkuu wangu wa vipindi. Mkuu akaniita, akaniambia, huyo mzee wako wa viatu mpunguze, anatuharibia na watu. Kwa hiyo Fundi alipoanza kusema, "Leo nataka kuzungumzia viongozi wetu na goti la yule kijana," mimi nikabonyeza kitufe. Halafu nikawaambia nyinyi: "Simu ya Fundi Soli imekatika, mtandao leo unasumbua."

Mtandao haukusumbua. Nilimkata mimi.

Na yeye hakujua. Hilo nimelijua juzi tu. Jumapili asubuhi alivaa shati lake jeupe, akaenda tena kwa kijana, akabisha, akasema kwa furaha: "Nimelikanusha, mwanangu. Umesikia?" Yule aliyekuwa ndani akamjibu: "Nilikaa na wanangu tukasikiliza kipindi kizima. Sikusikia kitu. Kumbe wewe ni mwongo pia."

Tangu siku ile alipiga simu hapa kila Jumamosi. Mwaka mmoja na miezi minne. Nilikuwa nimemwagiza mpokea simu wetu amwambie asubiri kwenye laini, na alisubiri. Binti yake anasema: "Baba alikuwa anashona huku simu kaibana kwa bega. Wateja wakiongea anawanyamazisha. Anasema, nyamazeni, zamu yangu imekaribia." Mkewe alimshauri aende redio nyingine, ziko nyingi. Akakataa. Akasema uchafu unafagiliwa pale ulipomwagwa.

Na nyinyi mkaniuliza, Fundi Soli yuko wapi siku hizi? Nikawajibu kwa mzaha kwamba timu imemnyamazisha kwa kufungwa. Mkacheka. Mungu anisamehe.

Kijana alicheza msimu huo na nusu ya msimu uliofuata. Goti likakatika kabisa, klabu ikamshukuru kwa barua ya mistari mitatu, na nafasi yake wakamsajili mshambuliaji. Wa tano.

Alhamisi, pale makaburini, alikuja. Anatembea kwa mkongojo. Alisimama nyuma ya watu wote, mkononi kashika njumu zile, soli bado mpya, hakuzivaa hata siku moja. Nilimfuata. Shikamoo na marahaba za watu zinaendelea pembeni. Yeye akaanza. Akaniuliza jambo moja tu: "Ndugu mtangazaji, yule mzee alilikanusha lile jina au hakulikanusha?"

Nikamwambia ukweli wote, kama ninavyowaambia nyinyi. Hakunitukana. Ningependa anitukane. Akasema tu: "Basi nilimfungia mlango mtu aliyesema kweli." Akalia, mtu mzima yule, amejiegemeza kwenye mkongojo.

Majuto ni mjukuu, wasikilizaji wapendwa. Mimi wangu amefika, na ninamlea.

Kwa mke wa marehemu, ambaye kitambaa chake cha meza bado kina alama ya kiatu na amekataa kukifua, pole sana mama. Kwa mabinti zake watatu na wajukuu, poleni. Poleni majirani wa saluni, mliozoea kugombana naye kuhusu sauti ya redio. Mmeniambia kimya cha wiki hii kimewashinda. Na kwa yule beki wetu wa kushoto, ambaye ameniahidi kwamba dakika hii ameketi na wanawe wawili karibu na redio: pole, ndugu yangu, na nisamehe. Ule mlio wa mlango nimeufuta mwenyewe jana. Hautasikika tena kituo hiki.

Kwenu mnaokwenda uwanjani kesho, ombi langu ni dogo. Kasirikeni. Timu inakasirisha, na Fundi Soli hangetaka mkae kimya mbele ya viongozi wale. Lakini kabla hujampa mchezaji jina, jiulize kama umeiona soli yake. Na wewe uliyeimba, kama nilivyoimba mimi, anza leo kuwaambia watoto wako kwamba tulikosea.

Nimebakiwa na dakika tatu. Si zangu. Jana nilimwomba fundi mitambo wetu atafute kwenye kumbukumbu za studio. Laini ya simu hujirekodi yenyewe, hata ukimtoa mtu hewani. Siku ile nilipombonyezea kitufe, Fundi Soli hakusikia kitu. Aliendelea kuzungumza, akidhani nchi nzima inamsikiliza. Sijapunguza neno. Msikilizeni.

"...na goti la yule kijana. Viongozi wanajua ni bovu, na wanamchezesha. Wamenunua kofia nne, narudia, kofia nne, na kijana wa watu anakwenda peku. Sasa, mwanangu, najua unataka kwenda kwenye matangazo. Nimalizie. Lile jina la Mlango Wazi nililitoa mimi. Nililitoa kwa kiatu ambacho sikuwa nimekishika. Fundi hafanyi hivyo. Miaka yote hii kazini, na nimefanya kosa la mtu aliyeanza jana. Kiatu nimekiona. Kijana anakimbia. Anakimbia kwa mguu mmoja kuwazidi wenye miwili. Kwa hiyo lile jina nalirudisha, ni langu, mniite mimi. Mlango wazi ni mdomo wangu. Na wale watoto wake, kama wananisikia, wajukuu zangu, mkiulizwa shuleni, semeni baba yetu njumu zake zilishonwa mara tatu. Basi. Nimemaliza. Ahsante sana, mwanangu. Wengine wangenikata. Wewe umeniacha nimalizie."