Fulana Mbili, Dasta Sita na Daraja la Mama Dasta

Mama Dasta alipoteza daraja lake la mshahara miaka kumi na sita iliyopita, siku ya Jumanne, kati ya kipindi cha pili na chai ya saa nne. Leo Ijumaa, kengele ya saa tisa alasiri ikilia, anastaafu baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi, na daraja hilo halijarudi. Tumeanza na hilo ili lisije likapotelea kwenye keki.

Sasa tumsifu, maana sifa anazo.

Aliingia shule hii na mkoba mmoja na viatu alivyoazima kwa dada yake, akakabidhiwa darasa la kwanza: watoto sabini na wanne, madawati kumi na tisa. Mwalimu mkuu wa wakati huo alimwomba avumilie mwaka mmoja tu, kisha atahamishiwa madarasa ya juu. Hakuhama. Alisema wakubwa wanajifanya wanajua, lakini wa darasa la kwanza wanakiri kwamba hawajui, na hao ndio watu wa kufanya nao kazi. Tukichukua wastani wa watoto sitini na tano kwa mwaka, amefundisha kusoma watu elfu mbili na mia nne. Ukitaka kwenda naye sokoni, tenga asubuhi nzima. Kila baada ya meza tatu yupo mtu wa kumwamkia, na kila anayemwamkia hunyoosha mgongo kwanza.

Umaarufu wake ni wa meno. Hatujui mwalimu mwingine aliyepanga ratiba ya herufi kwa kufuata vinywa. Mtoto aliyeng'oka meno ya mbele hakuulizwa f wala v hadi yaote mengine. Alipewa m na k aendelee nazo kwa amani. Mkaguzi mmoja alipohoji utaratibu huo, alijibiwa kwamba hapa hatumpi mtu sifuri kwa kosa la fizi. Mwaka uliofuata darasa lake liliongoza kwa kusoma miongoni mwa shule kumi na moja za jirani, na mapengo yote yakiwamo.

Jambo jingine: hapokei jibu la katikati. Kwake majibu ni mawili. Ama "najua", nawe useme unachojua. Ama "sijui", nawe ufundishwe. "Nafikiri, Mwalimu..." ilirudishwa mlangoni ikajifute miguu.

Twende kwenye fulana.

Uchaguzi mmoja ulipokaribia, kila mwalimu aliletewa fulana yenye picha ya mheshimiwa, pamoja na agizo la mdomo kwamba ivaliwe shuleni kila Jumatatu. Wengine walivaa, na hatuwalaumu; ada ya mtoto haikusubiri utafakari. Mama Dasta alikataa bila kelele. Hajawahi kumwambia mtu anampigia nani kura. Hata mumewe hajui. Mzee huyo, fundi saa, husema ameishi na siri ya taifa chini ya shuka moja. Imani ya mama huyu ni kwamba mwalimu akishaingia darasani ni wa watoto wote, na ubao hauna chama. Basi akaipeleka fulana nyumbani, na kwa kuwa shule ilikuwa haina dasta muhula mzima, akaikata, akaikunja, akaishona. Zikatoka dasta tatu, za pamba nzito, nzuri sana.

Kosa lake ni moja tu: hakuigeuza picha ikae ndani.

Darasani mwake kuna zamu ya kukung'uta dasta kwenye ukuta wa nje, na watoto huigombania kuliko mpira. Dasta za picha wakazipa jina la mwenye picha, mheshimiwa. Jumanne ile afisa elimu wa wakati huo alikuja bila taarifa, na kabla hajakaa, binti mmoja wa dawati la mbele, pengo juu na pengo chini, akanyoosha kidole: "Mwalimu, leo zamu yangu kumpiga mheshimiwa!"

Afisa akaomba aonyeshwe huyo mheshimiwa. Akaletewa, amejaa chaki hadi kwenye kope.

Chai ilipoiva, Mama Dasta alikuwa ameshashushwa kutoka daraja la sita hadi la tano, kwa kumdharau kiongozi. Jina lake hili la utani lilizaliwa siku hiyo hiyo. Mumewe alipopata habari alisema, "Mimi nilioa daraja la sita. Sasa nimebaki na la tano, na wakwe hawajanirudishia chenji!" Wakacheka wote wawili, kisha wakakaa kupanga upya bajeti ya nyumba.

Upande wa pili uliposikia, ulikuja mbio kutaka apande jukwaani kama shujaa wao. Akawaambia ana kipindi. Miaka mitano baadaye upande huo ukashinda, na ujumbe ukafika: daraja litarudi, ila aje mkutanoni kushukuru, na aje amevaa. Wakaleta na fulana. Chumba cha walimu kizima kilishika kichwa.

"Vaa nusu saa tu, Mama," mwenzetu wa hisabati alimsihi. "Shukuru, vua, chukua haki yako, yaishe."

"Nikivaa kwa hela, mwanangu," akamjibu, "kesho nikimkataza mtoto kunakili kwa mwenzake nitamtazama wapi?"

Fulana ya pili nayo ikatoa dasta tatu. Kwa kutenda haki, tuseme ya kwanza ilifuta vizuri zaidi. Hii ya pili ilichanganywa nailoni. Safari hii picha aliishonea ndani.

Sasa tupige hesabu, maana wakubwa hupenda kusema tofauti yenyewe ni ndogo. Kushushwa kule kulimkata sehemu moja ya tano ya mshahara. Maana yake, katika kila miezi mitano aliyofundisha, mmoja alifundisha bure. Kwa miaka kumi na sita, hiyo ni miezi thelathini na minane, yaani miaka mitatu na miezi miwili ya kusimama mbele ya watoto bila senti. Na kwa kuwa pensheni hukokotolewa kwa mshahara wa mwisho, makato hayo yatamfuata hadi kaburini. Udogo wake uko wapi?

Miaka miwili iliyopita tume ya walimu iliamua kwamba adhabu ile haikuwa halali, daraja lirudishwe. Kilichobaki ni saini ya afisa elimu wetu wa sasa. Mama amekwenda ofisini kwake mara tisa. Karani wa mapokezi, ambaye alijifunza kusoma kwake, humpa kiti kizuri na jibu lile lile: "Mwalimu wangu, bado tunasubiri maelekezo." Akistaafu kabla ya saini, faili linafungwa na daraja la tano ndilo lake milele.

Pamoja na hayo yote, hajawahi kuchelewesha mchango wa chai, na mweka hazina wa chai ndiye anayeandika maneno haya, kwa hiyo anajua anachosema. Wapo wenye daraja la nane ambao leo tusiwataje, kwa kuwa ni sherehe.

Mama Dasta, asante kwa meno uliyoyasubiri. Asante kwa kicheko chako kinachofika ofisini kabla yako. Nenda ukalale hadi jua likuamkie lenyewe, na mzee akupe saa isiyo na kengele. Tunakuombea siku ndefu, afya tele, na wajukuu wasiosema "nafikiri".

Binti wa dawati la mbele meno yake yote yaliota. Ni mwalimu wetu tangu muhula uliopita, na Jumatatu anapokea darasa la kwanza pamoja na dasta mbili zilizosalia. Juzi alituuliza kama mshahara wake utategemea anachofundisha au anachovaa.

Mgeni rasmi, afisa elimu wetu mpendwa, ratiba hii uliyoishika imekupa kipaza sauti saa nane na nusu. Faili liko mezani mbele yako, kulia kwa maua, na kalamu tumeijaribu, inaandika. Kengele ya saa tisa ataipiga Mama Dasta mwenyewe. Kabla hajaigusa, tuambie mbele ya watu wote: unasaini, au husaini? Uko kwenye shule yake, na hapa jibu la katikati halipokelewi.