Miezi Saba ya Bi Buthaina

Wasikilizaji wapendwa, asalaam alaykum. Sauti yangu ikitetereka leo, mnisamehe. Tunamkumbuka Bi Buthaina wa Mtambile, hapa Pemba, aliyefariki Jumatatu iliyopita kwa saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Mikono yake ilikuwa myepesi. Kwenye kuchambua karafuu, wenzake wakimaliza pishi moja, yeye keshamaliza mbili, na mdomo haujatulia.

Septemba mwaka jana alipanda boti Mkoani, akaenda hadi hospitali Dar es Salaam. Daktari alimweleza taratibu. Ndani ya seli za mwili kuna jeni zenye kazi ya ulinzi. Seli ikiharibika, jeni hizo huizuia isizaliane. Kwake, virusi vilikaa miaka mingi kwenye shingo ya kizazi, vikazilemaza. Moja ilikuwa imebadilika kabisa. Seli mbovu zikakosa wa kuzizuia.

Akaambiwa aanze tiba ya mionzi mwezi ule ule. Kulikuwa na matumaini. Narudia, wasikilizaji: kulikuwa na matumaini.

Alirudi na cheti cha hospitali. Wifi yake, Bi Zulekha, akakisoma: "Mabadiliko ya jeni." Akakikunja. Mwenyewe ameniambia hivi:

"Nilimwambia, jeni ni damu, Buthaina, na damu ni ukoo. Wakwe wakijua watasema Raniya naye anayo. Posa itarudi."

Raniya ni binti yake wa pekee. Harusi yake ilipangwa Novemba.

"Nitangoja miezi miwili tu, harusi ipite," Bi Buthaina akasema. "Miye si yai, sitavunjika."

Oktoba uchaguzi mkuu wa Zanzibar ukafutwa. Familia ya bwana harusi ni ya chama kingine. Wajomba wa pande mbili wakakataa kukaa jamvi moja. Harusi ikasogezwa mpaka uchaguzi wa marudio upite. Miezi miwili ikawa saba.

Aprili harusi ikafanyika. Wanawake wakamtania: "Weye Buthaina, washindana wembamba na bibi harusi?"

"Mmoja aolewe, mwengine atazamwe!" akajibu. Wakacheka. Alikuwa amekalia kanga iliyokunjwa mara nne, kwa ajili ya damu.

Wiki iliyofuata alirudi Dar es Salaam. Daktari alimpa dawa za maumivu tu.

Wasikilizaji wapendwa, hofu ile haikuwa na msingi. Mabadiliko yale yalitokea ukubwani, kwenye seli za pale penye ugonjwa. Hakuzaliwa nayo. Hakumrithisha Raniya. Daktari alilijua hilo. Cheti hakikulisema, na nyumbani hakuna aliyerudi kuuliza.

Msibani nilimsikia Bi Mwatum, mama mkwe wa Raniya: "Dada yangu alikufa kwa maradhi haya haya. Wangeniambia, ningempeleka bandarini miye mwenyewe."

Bi Zulekha alikuwa kando yake.

Raniya aliniambia maneno machache. "Kila mtu alikuwa akinilinda. Hapana aliyeniuliza kama naweza kungoja. Ningengoja miaka kumi."

Mkono wa pole kwa Raniya na mumewe. Mkono wa pole kwa Bi Zulekha pia, naye amefiwa. Mola amrehemu Bi Buthaina.

Nawe unayenisikiliza, ukiwa na mama aliye hai, kamuulize leo kama kuna maumivu anayokuficha. Atakwambia hana kitu. Usiondoke.