Kitambaa cha Zdravka Juu ya Kompyuta

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na sita Novemba. Asubuhi ukungu ulikaa bondeni mpaka saa tatu, na vioo vya magari vilikuwa na barafu nyembamba. Baadaye jua likatoka, dogo na lisilo na joto, lakini jua.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo ni siku ya arobaini tangu dada yetu Zdravka Kehayova atutoke. Alifariki Jumanne, tarehe nane Oktoba, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano. Alilala kidogo baada ya chakula cha mchana, hakuamka tena. Mungu amsamehe, na atusamehe na sisi.

Zdravka alikuwa fundi sauti. Watu wakishaimba na kurekodiwa, yeye ndiye aliyekaa na kompyuta akichanganya sauti zao mpaka zikawa wimbo mmoja. Ameacha kazi moja haijaisha. Kwaya ya kina mama wa kijijini kwake ina nyimbo kumi na moja. Kumi zimekamilika. Wa kumi na moja ameuacha kwenye beti ya tatu, na beti ziko tano. Wimbo huo unaongozwa na mama yake mkubwa, bibi Fidana, mwenye miaka themanini na sita. Kwa siku arobaini bibi huyu amekuwa na swali moja tu. Nani atamaliza beti mbili zilizobaki, na atazimaliza namna gani?

Kuelewa swali hilo, lazima tumjue Zdravka.

Alizaliwa mwaka 1959. Alishona nguo kiwandani hapa mjini miaka ishirini na minane. Kiwanda kilipofungwa alikuwa na miaka hamsini. Mwaka mmoja alikaa nyumbani akipika na kusali. Kisha jioni moja aliona karatasi imebandikwa mlangoni pa nyumba ya utamaduni: masomo ya jioni ya ufundi wa sauti, Jumatatu na Alhamisi. Mume wake, Manol, anakumbuka.

"Alirudi nyumbani akasema, Manol, nimejiandikisha shule," alituambia Manol. "Nikamuuliza, shule gani, ya wajukuu? Akasema, kula supu yako. Nikala."

Mwalimu alikuwa Orlin Chaushev, kijana wa miaka thelathini na minne wakati huo. Siku ya kwanza aliuliza darasa, kompresa ni nini? Zdravka akanyoosha mkono.

"Ni ile ya kujaza upepo kwenye magurudumu, mwalimu."

Darasa zima lilicheka. Zdravka hakuona haya. Aliandika katika daftari maelezo ya mwalimu, kwamba kompresa ya sauti ni programu ndogo ndani ya kompyuta. Sauti ikipanda mno, programu hiyo inaishusha. Halafu fundi anaweza kupandisha vyote pamoja, na vile vilivyokuwa chini navyo vikasikika. Wiki mbili baadaye Orlin alirudia swali, na Zdravka akanyoosha mkono tena.

"Ni kama kubana gauni kiunoni," alisema. "Ukibana kidogo linakaa vizuri. Ukizidisha, aliyelivaa hapumui."

Orlin anasema hajawahi kuwa na maelezo mazuri kuliko hayo, na mpaka leo anayatumia darasani bila kumtaja mwenyewe. Leo ameniomba nimtaje. Yalikuwa ya Zdravka.

Baada ya masomo walianza kufanya kazi pamoja, katika chumba kimoja nyuma ya shule ya zamani. Zdravka alimwita Orlin mwalimu, naye Orlin alimwita mama Zdravka. Walikuwa tofauti sana. Zdravka alipiga ishara ya msalaba kabla ya kuwasha kompyuta, akasali kimya, ndipo akaanza. Orlin alianza kwa kahawa na kwa kutafuta kompresa mpya. Alikuwa nazo mia moja arobaini na tatu. Mia moja arobaini na tatu, wasikilizaji wapendwa, na zote zinafanya kazi ileile ya kushusha sauti.

"Hii ina joto," Orlin alikuwa akisema. "Hii ina asali kidogo."

"Ya kwangu ina maharage jikoni na yanaungua," Zdravka alimjibu. "Chagua, mwalimu, tuendelee."

Miaka miwili iliyopita walirekodi kwaya. Wanawake kumi na wawili, ngoma moja, na gaida, lile zumari letu la mfuko wa ngozi ya mbuzi. Gaida ina sauti ya kufunika kila kitu. Bibi Fidana naye anaanza chini, karibu na kunong'ona, kisha anapanda. Bila kompresa, gaida inammeza.

Orlin akachukua kompresa aipendayo kuliko zote, akaibana sauti ya bibi. Bibi akasikika vizuri juu ya gaida. Lakini pumzi yake nayo ilipanda. Kila alipovuta pumzi kabla ya beti, ilisikika kama mvukuto wa mhunzi. Orlin akafanya kinachofanywa na mafundi wengi. Alizikata pumzi zote, moja baada ya nyingine, akaita kina mama waje kusikiliza.

Walikuja Jumapili baada ya ibada, na mkate wa jibini ndani ya taulo. Wimbo ukaanza. Kama ilivyo kawaida yao, wakaimba pamoja na spika. Bibi Fidana wa kwenye spika alimaliza beti yake, na wote kumi na wawili waliokuwa chumbani wakachelewa kuingia. Beti ya pili, wakachelewa tena.

"Mmechoka?" aliuliza Orlin.

"Umefanya nini, kijana?" aliuliza bibi Fidana. "Huyo hapumui. Huyo maiti."

Ndipo Orlin akaelewa jambo ambalo kila mtoto wa kijiji kile analijua. Kwaya ile haina wa kuiongoza kwa mkono. Wanawake wanaingia kwa pumzi ya bibi Fidana. Akivuta ndefu, wanajua beti ni nzito. Akivuta fupi, wanajua waharakishe. Kabla yake walikuwa wakiingia kwa pumzi ya mdogo wake, aliyekuwa mama yake Zdravka. Orlin alikuwa amekata pumzi, na pamoja na pumzi alikuwa amekata mlango wa kuingilia.

Zdravka hakumgombeza. Alisema, "Jumapili ijayo tuchague upya. Kina mama watachagua."

Jumapili iliyofuata alileta vikombe vitano na bakuli la maharage ya bonde letu, yale makubwa ya zambarau. Akaondoa kitambaa mezani, kile cha maua mekundu alichokitarizi mwenyewe, akaifunika kompyuta.

"Unafunika nini?" aliuliza Orlin.

"Nakufunika macho. Wewe unachagua kompresa kwa picha. Ukiona ina mbao pembeni na taa ya manjano, umeshaipenda kabla haijalia."

Orlin alipiga beti moja ya kwaya mara tano, kila mara kwa kompresa nyingine. Kina mama walisikiliza wamefumba macho, kisha kila mmoja akatia haragwe moja katika kikombe cha ile aliyoipenda. Maharage kumi kati ya kumi na mawili yakaangukia kikombe cha nne. Orlin akafurahi, kwa kuwa ya nne ilikuwa ile aipendayo. Zdravka akainua pembe ya kitambaa, akatazama kipimo cha sauti.

"Mwalimu, ya nne inatoka kwa nguvu kuliko zingine. Kidogo tu, lakini inatoka."

Hilo ni kosa la mafundi sauti wa kila mahali. Wanalijua, na wanalirudia. Chenye sauti kubwa kidogo kinaonekana kizuri kidogo. Zdravka akazisawazisha zote tano, wakarudia. Safari hii maharage mengi yakaenda kikombe cha pili, na hiyo ilikuwa programu ya bure ambayo Orlin alikuwa hajawahi hata kuifungua. Hiyo wakaiweka kwa ajili ya kwaya nzima. Nyingine, yenye mkono mwepesi, wakaichagua kwa gaida na ngoma. Ya tatu Zdravka aliichagua peke yake. Hakuwa na sababu, aliipenda tu. Mia moja arobaini zilizobaki hakuzigusa tena mpaka anakufa.

Ikabaki sauti ya bibi Fidana. Orlin akaomba nafasi moja ya mwisho kwa ile aipendayo. Kompyuta ilikuwa bado imefunikwa, kwa hiyo akazungusha vifundo vya mezani vinavyoiongoza kompyuta, kwa kusikiliza tu. Alizungusha dakika ishirini.

"Sasa?" aliuliza.

"Imelainika," alisema mmoja.

"Sasa je?"

"Kama mahameli," alisema mwingine.

"Hapo hapo, usiguse," alisema Manol, aliyekuja kula mkate tu.

Zdravka akainua kitambaa. Akatazama kwa muda. "Mwalimu," alisema taratibu, "haijawashwa."

Masikio ya Orlin yakawa mekundu kama maua ya kile kitambaa. Bibi Fidana ndiye aliyesema wa kwanza.

"Basi mimi nachagua hiyo," alisema. "Hiyo iliyolala."

Walicheka mpaka ngoma ikaanguka. Na bibi alipata alichokichagua. Tangu siku ile Zdravka hakuweka kompresa kwenye sauti yake. Aliishusha na kuipandisha kwa kidole, neno kwa neno, kama unavyopindwa upindo wa nguo kwa mkono pale cherehani isipofaa. Beti moja ilimchukua siku mbili. Gaida ilipokuja juu, alimwinua bibi kidogo. Pumzi ilipofika, aliiacha kama ilivyo.

"Nilimsikia akisali juu ya kila beti," alituambia Manol. "Nikamwambia, Mungu ana kazi nyingine pia. Akasema, hii nayo ni yake."

Alifika mwisho wa beti ya tatu ya wimbo wa kumi na moja.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Manol, kwa watoto na wajukuu, kwa bibi Fidana, na kwa kina mama wote wa kwaya. Bwana awafariji. Nasi tuliobaki tujiulize jambo moja jioni hii. Katika kazi zetu, tumekata nini kwa sababu kilitusumbua, kumbe ndicho wenzetu walichokuwa wakikingojea ili waingie? Tujiulize bila kujilaumu mno. Zdravka alianza shule akiwa na miaka hamsini na mmoja. Nafasi ipo.

Nitawaacha na kilichotokea leo saa sita mchana makaburini. Padri alikuwa amemaliza sala. Ngano ya kuchemsha yenye sukari, chakula chetu cha kuwakumbuka marehemu, ilikuwa inapita mkono kwa mkono, na Manol alikuwa amemwaga divai kidogo udongoni. Bibi Fidana, ameshika mkongojo wake, akamgeukia Orlin mbele ya watu wote.

"Kijana, beti mbili za wimbo wangu unazimaliza na mashine gani?"

Orlin akavua kofia. Alisema kitu kwa sauti ya chini sana.

"Sema wasikie na walioko nyuma," alisema bibi.

Akasema tena. Walioko nyuma walisikia, padri alisikia, nami nilisikia.

"Nitazimaliza kwa mkono, bibi, kabla ya Krismasi. Kitambaa chake nimeshakiweka juu ya kompyuta. Pumzi yako sitaikata hata moja. Naahidi mbele ya hawa wote, na mbele ya mama Zdravka."