Shati la Kipaimara la Mzee Bonifas

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Kama una maharage jikoni, punguza moto kwanza. Habari ya leo haifai kusikilizwa nusunusu.

Leo tunamkumbuka Mzee Bonifas, dereva mstaafu wa greda. Ninyi wa Mikumi mnamjua. Ndiye aliyesawazisha barabara zetu za vumbi miaka na miaka. Akitembea, bega moja lilitangulia, kama mtu anayesukuma mlango. Alipostaafu alijenga hapa Mikumi, akakaa barazani na kazi moja tu: kusimulia alikokulia.

Alikulia Kimamba, kambi ya mkonge. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge. Vyumba vya kambi vilipangwa mstari mmoja, na kuta zake hazikufika juu. Mtoto akikohoa chumba cha kwanza, mama wa chumba cha mwisho anauliza kama amepewa maji ya moto. Hadithi ikianzia huku, kicheko kinatokea kule. Mtoto alikula popote njaa ilipomkuta, na alichapwa na mkubwa yeyote aliyekuwa karibu na fimbo.

Generoza, kitindamimba wake, alikuwa haamini.

"Baba, kuta hazifiki juu! Na wezi je?"

"Waibe nini, mwanangu? Njaa?"

Halafu kulikuwa na habari ya shati. Hiyo Mzee aliirudia mpaka watoto wakaijua kwa moyo. Siku ya kipaimara alinunuliwa shati jeupe, kubwa kupita kiasi, ili akue nalo. Haukupita muda, binti wa chumba cha jirani, Mwanasha, akamnyang'anya. Alikasirika? Angewezaje! Yeye Mngoni, Mwanasha Mnyamwezi. Ni watani. Mtani akichukua, wewe unacheka.

"Shati langu analo mpaka leo," Mzee alikuwa akisema. "Siku nikifa atakuja kuwazuia msinizike."

Watoto waliona baba anatia chumvi. Miaka yote hiyo hawakuwahi kumwona mtu hata mmoja wa kambi hiyo. Generoza akawa anajiuliza: ilikuwepo kweli, au baba amejitungia utoto?

Mzee Bonifas alifariki mwezi uliopita. Tangazo tulilisoma hapahapa redioni. Kaka zake Generoza walitaka liwe fupi, yeye akang'ang'ania kuongeza mstari mmoja: habari ziwafikie wote waliokulia kambi ya mkonge, Kimamba. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu, "Nilitaka kujua. Asipokuja mtu, nitakuwa nimejua pia."

Siku ya mazishi, asubuhi, hakuja mtu wa Kimamba. Wakati wa misa, hakuna. Generoza anakiri kwamba alitazama barabarani zaidi kuliko alivyotazama altareni, Mungu amsamehe. Wakafika makaburini. Hakuna.

Ndipo ikaja bodaboda. Nyuma yake amekaa bibi kizee, kavaa shati jeupe la kiume juu ya gauni. Akashuka. Hakulia. Akaanza kutembea bega mbele, vilevile alivyotembea marehemu, akapita katikati ya waombolezaji, akaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ndani.

"Hazikwi mtu hapa! Mngoni huyu mvivu, kulala ndiyo kazi aliyoipenda, halafu leo mnamtandikia kabisa?"

Wachimba kaburi wakaduwaa. Mjukuu wa marehemu, Brayan, akamshika bibi mkono amtoe. Generoza naye damu ikamchemka.

"Mama, wewe ni nani unayemtukana baba yangu?"

"Kwanza shikamoo yangu iko wapi?"

Katekista, mtu mzima wa zamani, alicheka mpaka akavua miwani. "Mwacheni huyo. Ni mtani."

"Mimi ni Mwanasha wa Kimamba," bibi akasema. "Nimesikia redioni."

Wasikilizaji wapendwa, Generoza alipiga magoti palepale kwenye udongo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Na kwa kuwa udadisi haukumwacha hata mbele ya jeneza, akauliza, "Ni kweli ulimnyang'anya baba shati?"

Hapo utani ukamtoka bibi usoni.

"Sikumnyang'anya. Alinipa. Baba yangu alifariki, nami sikuwa na nguo ya kukaa nayo msibani, nimejifunga kipande cha gunia. Shati lake lilinifika magotini, likawa gauni. Kesho yake akatangaza kambi nzima kwamba nimemnyang'anya. Watu wakacheka. Hakuna aliyesema yule yatima kasaidiwa." Akawatazama. "Hata ninyi wanawe hakuwaambia?"

Hakuwaambia. Aliwasimulia habari ya shati maisha yake yote, na hilo hakuwaambia.

Bibi Mwanasha akavua shati. "Lile lenyewe lilishakuwa nepi za mwanangu wa kwanza. Hili nimelipata mitumbani, Kilosa." Akalilaza juu ya jeneza. "Shika lako, Bonifas. Haya, mzikeni."

Generoza, kaka zako, Brayan na wajukuu wote, poleni sana. Bibi Mwanasha, pole kwa kuondokewa na mtani. Mungu amlaze Mzee wetu mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Yule mzee wako wa barazani, mwenye hadithi uliyoichoka, umewahi kumuuliza inavyoendelea pale anaponyamaza?

Nimalizie na hili. Jioni ile, wakati bodaboda inawashwa, bibi alimshika Generoza mkono.

"Sasa mimi nikifa, nani atanitania?"

"Nitakuja mimi, shangazi. Na gauni nitakuletea hata kabla."

"Lilete," bibi akasema. "Ila useme nimekunyang'anya."