Mzee Pazi na Shimo la Nyuma ya Jiko

Leo, tarehe 30 Juni 1888, Mzee Pazi, mtunza bustani wa misheni yetu hapa Bagamoyo, anastaafu baada ya miaka kumi na minane ya kazi. Jamani, siku imefika! Mimi Bimdogo wa jikoni nimepewa kazi ya kumwelezea, nami nimeipokea kwa mikono miwili.

Alipoajiriwa hakujua sala hata moja. Ila kila alfajiri padri alipotusomea Maandiko ya Waebrania na kuyafafanua kwa Kiswahili, Pazi alikaa mbele kabisa, macho yamemtoka. Siku moja likasomwa neno la Suleimani, kwamba hekima itafutwe kama mtu anavyotafuta hazina iliyofichwa. Sisi tukaitikia amina, tukaenda kunywa uji. Pazi akaenda kuchukua jembe.

Akachimba nyuma ya jiko langu! Padri alimweleza kwamba mahali pa kuchimba ni moyoni. Pazi akajibu kwa adabu kwamba moyoni atachimba pia, ila mikono nayo isikae bure. Ikawa ndiyo desturi yake: asikilize neno, alirudie kimoyomoyo, atoe kapu moja la udongo, kisha aende kwenye migomba. Loo, tulimcheka! Mwinyijuma, mkulima wa Kaole, hakupita bila kumuuliza kama Suleimani ameshamjibu. Pazi alicheka naye, akaendelea.

Mwaka 1884 jua likatukalia. Visima vya jirani vikakauka, vingine vikatoa maji ya chumvi. Wagonjwa wetu walilala midomo imewapasuka, nami nililia jikoni, sufuria tupu mkononi. Asubuhi moja, baada ya somo, Pazi akashuka shimoni kama kawaida. Kapu likapanda na udongo uliolowa, kisha maji yakafuata. Baridi, matamu! Nilipiga vigelegele hadi padri akatoka mbio akidhani jiko linaungua. Mwinyijuma akaja na mtungi, akasema Nabii Suleimani ni wake pia, na Pazi akamtekea.

Sasa anahamia Kiwangwa kwa binti yake Mina, ambako maji yanafuatwa mbali mno. Maneno ya alfajiri ameyabeba kichwani. Jembe nilidhani atatuachia. Jana nimelikuta limefungwa pamoja na mkeka wake.

Ahsante, Mzee Pazi, kwa maji na kwa moyo usiochoka. Nenda ukaishi kwa afya na furaha. Na nyinyi watu wa Kiwangwa, mkimwona anachimba alfajiri, msimcheke. Leteni mitungi.