Ernesta Kazimili na Chai ya Ijumaa

Mimi ni William, mdogo wake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma habari za maisha yake kwa sababu ndugu zangu wanasema nina sauti. Dada mwenyewe alikuwa akisema nina maneno mengi, kwa hiyo leo nitajitahidi yawe machache.

Ernesta alizaliwa tarehe 3 Juni 1955 Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, mtoto wa kwanza wa Mzee Kazimili, Msukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Mwaka mmoja ndama walikufa, na baba akasema ni bahati mbaya tu. Ernesta, bado msichana mdogo, akamuuliza, "Baba, mbona wanaokunywa kwenye bwawa la juu hawafi?" Baba alimfukuza akachote maji. Kesho yake akawahamisha ndama kimyakimya.

Alisoma Shule ya Msingi Nyakahura hadi mwaka 1969, kisha uuguzi na ukunga huko Mwanza, akahitimu mwaka 1974. Alifanya kazi katika zahanati za Biharamulo mpaka alipofunga ndoa na Mwalimu Gaspari wa hapa Ntobeye, tarehe 16 Septemba 1978. Mama mkwe wake alimfundisha Kihangaza, lugha yetu ya huku Ngara inayokaribiana na Kirundi, kwa ukali na upendo mwingi. Wakimbizi walipoingia Ngara mwaka 1994, Kihangaza hicho kilimsaidia kuelewana na Warundi, naye akaajiriwa katika hospitali ya kambi, wodi ya wazazi.

Mwaka 1999 kompyuta ililetwa hospitalini, na taarifa za kila mgonjwa zikaanza kuingizwa humo. Wauguzi waliichukia. Waliiita mbea, wakiamini imeletwa ili watu wafukuzwe kazi. Ernesta akaomba itumike kufundishia. Kila Ijumaa alichemsha chai, akakaanga maandazi, akawaita wenzake waangalie kompyuta imeonyesha nini. Tukubali ukweli, mwanzoni wengi walifuata maandazi.

Siku ya kwanza alionyesha kwamba akina mama waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua walikuwa wengi zaidi katika zamu za mkunga mmoja. Akasema, "Mkunga huyo ni mimi. Kondo la nyuma likishatoka namkimbilia mzazi mwingine, simrudii wa kwanza kumkagua. Nisaidieni." Tangu siku hiyo wenzake walianza kuleta makosa yao wenyewe. Sharti lilikuwa moja: jina la aliyekosea halitajwi, wala la mgonjwa.

Msimamizi mmoja alipotaka majina hayo ili apunguze watumishi, Ernesta alimjibu kwa heshima, "Mkuu, ukimfukuza aliyekosea, kesho hakuna atakayeandika ukweli. Mficha maradhi kilio humfichua." Majina hakupewa. Dada alikuwa mpole, lakini alikuwa mbishi, na nyumbani tulimjua hivyo.

Mwaka jana alianza kuumwa tumbo na kutokwa na damu. Alitibiwa pale pale kazini kwake, akapewa dawa zile zile kila alipokwenda. Nilimuuliza mbona yeye mkunga hakushtuka. Akasema, "Nilidhani ni umri tu, William. Nami nilikosea." Saratani ya shingo ya kizazi ilipogunduliwa ilikuwa imeshasambaa. Akaomba afunguliwe taarifa zake kwenye kompyuta, akazisoma zote, akasema, "Hili ni somo zuri. Nikiondoka, lifundisheni Ijumaa, na jina langu liwekwe."

Shemeji Gaspari alikataa. Alisema mke wake hatakuwa mfano wa darasani, maradhi yake ya siri yakitazamwa na watu wanaokula maandazi. Ernesta hakugombana naye. Alimwambia, "Mwalimu, wale akina mama walionifundisha kazi, nao walikuwa wake za watu." Shemeji alitoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alimshika mkono, lakini jibu hakumpa. Dada alifariki Jumatatu, tarehe 13 Agosti 2007, bila kulisikia. Jambo hilo linatuuma sana.

Aliyemtibu yupo hapa makaburini pamoja nasi. Silitaji jina lake, maana marehemu alinikataza, na alinikataza akicheka kwa kuwa aliujua mdomo wangu. Ndugu yetu, hakuna mtu wa familia hii anayekudai neno. Alikupenda.

Ernesta ameacha mume, watoto watatu, Verediana, Gozbert na Wema, wajukuu wawili, sisi wadogo zake, na watoto wengi aliowapokea kambini, ambao baadhi yao sasa wamerudi kwao Burundi.

Asubuhi hii, tukiwa bado tunachimba kaburi, shemeji aliniita pembeni, akaniagiza niliseme hili mwisho, mbele ya wote. Kesho ni Ijumaa. Taarifa za mke wake zifunguliwe, jina lake lisomwe. Chai atapika yeye mwenyewe.

Dada, jibu lako hilo. Pumzika kwa amani.